Marinda Yakae Nyuma

Mimi ni mbishi. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia kabla sijamaliza kusema.

Mguu wangu wa kulia ulivunjika mahali pawili chini ya goti, na kwa miezi saba nilitembea na vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, vile ambavyo watu wa huku Arusha wanaviita antena. Pini sita zilizama mpaka kwenye mfupa, na kwa nje fito mbili za chuma zilizishika zote zisitikisike. Daktari aliniambia mguu utapona. Hakuniambia nitavaa nini mpaka upone, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu aliyelala kitandani hafikirii suruali.

Nilianza kuifikiria siku niliporudi nyumbani Akheri. Suruali haipiti kwenye antena hata uipanue vipi. Mke wangu aliipasua ya kaki pembeni mpaka pajani akaitia vifungo, na vifungo vyenyewe vikawa vinagonga pini. Jirani yetu mwenye duka njia panda, Mwislamu, aliniazima kanzu kwa moyo mweupe, lakini pindo lake lilinasa kwenye pini ya chini kila nilipopiga hatua. Hapo nikajifunza kwamba chochote kinachoshuka chini ya goti ni adui yangu. Kaptura inaishia gotini, sawa, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi pale Sokon I, nina miaka hamsini na mbili. Siku niliyoingia darasani na kaptura, darasa la saba lilinipa shikamoo huku nusu yao wameinama chini ya madawati. Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka kesho yake.

Shuka je? Kila mtu aliniuliza hilo kana kwamba mimi mwenyewe sijazaliwa chini ya Mlima Meru. Shuka nalijua. Babu yangu alizikwa na lake. Lakini shuka linataka mkono wa kulirekebisha, linalegea, unalivuta, unalitupa begani, linarudi. Mwenye magongo hana mkono wa ziada. Lile langu lilinidondoka mjini, kwenye foleni ya benki, mchana kweupe, na mlinzi ndiye aliyeniokotea. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Sasa niseme kwa nini yote haya yalinikera kiasi kile. Kwa miaka kumi na tisa nimeongoza kwaya ya usharika wetu. Mwongozaji wa kwaya anasimama, na mikono yake miwili inafanya kazi. Kila mwaka usharika wetu unapokea kwaya za sharika za jirani, Jumapili moja, kila kwaya nyimbo mbili, na mwaka ule zamu ya kufungua ilikuwa yetu. Tulikuwa na kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, msaidizi wangu, anayejua noti kuliko mimi. Simlaumu kwa lolote. Lakini nilijua kabisa kwamba nisiposimama mimi siku ile, sitasimama tena. Watu wangeniita mlezi wa kwaya, wangenipa kiti cha mbele, na mambo yangeishia hapo.

Na kulikuwa na mwenyekiti wa kwaya. Huyu ni mkulima wa kahawa, ana sauti nzito ya besi, na tumekuwa marafiki tangu tukiwa tunachunga mbuzi. Pikipiki iliyonivunja mguu ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulikuwa tunashuka kutoka mazoezi, barabara imelowa, ng'ombe akakatiza, mwenyekiti akamkwepa. Yeye alirushwa kwenye kahawa za watu akainuka na mchubuko wa kiwiko. Mimi pikipiki ililala juu yangu. Hospitali alikuja mara moja, akasimama mlangoni mwa wodi, akasema pole, akaondoka. Nyumbani hakufika kabisa, na shamba lake liko mita mia tatu kutoka kwangu. Hilo liliniuma kuliko mguu, nasema kweli.

Nguo iliyoniokoa ilikuja kwa njia ya mitumba. Mke wangu alienda sokoni kutafuta masweta akamkuta muuzaji wake wa siku zote amekata tamaa na sketi moja. Ilikuwa imetoka kwenye belo la nguo za baridi za kike, nzito kama blanketi, drafti ya kijani kibichi na bluu iliyokolea, mstari mwembamba wa njano. Nyuma marinda tupu, mbele pamenyooka, pembeni wazi kuanzia juu mpaka chini, na vikanda vitatu vya ngozi vya kufungia. Wanawake walikuwa wameijaribu kwa miezi wakaikataa. Kiuno kikubwa, halafu upepo ukija inafunguka. Mke wangu aliichukua kwa bei ya kutupa ili akate foronya za makochi.

Aliitandika kitandani apime. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na bukta, naangalia vile vikanda vya ngozi.

"Hebu nipe hiyo," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nipe kwanza."

Nilisimama kwa gongo moja, nikaizungusha kiunoni, nikafunga kikanda, cha pili, cha tatu. Sikuingiza mguu popote. Sikuinama. Niliachia gongo nikashika kabati, nikatikisa nyonga, nguo haikusogea hata kidogo. Pindo liliishia gotini, na antena ikabaki huru chini yake. Mke wangu akasema foronya basi tena.

Siku zile za mwanzo niliivaa vibaya, nakiri. Marinda niliyaweka mbele. Kwa akili yangu mimi, fundi aliyepanga marinda yote yale kwa mkono hawezi kuwa ameyapangia makalio, uzuri unakaa mbele watu wauone. Nilipiga picha nikiwa na fulana na katambuga zangu za tairi nikamtumia binti yetu anayesoma Dar. Alinipigia simu anacheka mpaka nikataka kukata. Alipopata pumzi akasema, "Baba, hiyo ni kilti, vazi la wanaume wa Uskochi. Lakini umeigeuza." Akanitumia video ya mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu anaeleza hatua kwa hatua. Sikuelewa nusu ya maneno yake, ila mikono yake niliielewa.

Tangu hapo nikaivaa kama somo. Marinda yakae nyuma. Kipande cha juu kiishie upande wa kulia. Kiuno kikae juu ya kitovu, si chini ya kitambi kama tunavyozoea suruali, na pindo liguse katikati ya goti. Likishuka unaonekana umeazima, likipanda unaonekana umekua ghafla. Kwenye kona ya chini ya kulia inawekwa pini kubwa ya kukizuia kipande cha juu kisipeperuke, na hiyo pini inashika kitambaa cha juu peke yake. Mimi mwanzoni nilivibana vipande vyote viwili, nikakaa, nikasikia kitambaa kinalia. Mke wangu alitia kiraka kwa ndani bila kusema neno, na mke wangu asiposema neno ujue anahifadhi.

Kukaa alinifundisha yeye. Mzee wa ndevu hakuligusia hilo, au aliligusia sikusikia. "Unajitupa kama gunia," mke wangu aliniambia. "Kabla hujakaa, pitisha kiganja nyuma, laza marinda, ndipo ukae. Na magoti yakutane, mwalimu, hauko peke yako duniani." Nilifanya zoezi hilo barazani mara kumi, huku jirani wa njia panda amekuja kuangalia kanzu yake imefikia wapi. Aliangalia, akaelewa, akasema nguo hiyo ni ya stara kabisa, na kanzu yake anaichukua.

Nyumbani niliivaa na fulana na katambuga. Wiki ya pili niliivaa kwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, nikaongeza sweta la kijivu, na soksi nene kwenye mguu wa kushoto. Wiki ya tatu niliingia darasani nayo: shati jeupe lililopigwa pasi, tai, kizibao, kiatu cheusi kimoja kimeng'aa, na mguu mgonjwa na ndala yake. Nilisimama mbele ya darasa la saba nikawapa dakika tano za kuuliza wanachotaka, kisha tungefanya hesabu za sehemu. Waliuliza kile ambacho kila mtu anauliza, kwamba ndani nimevaa nini. "Bukta," nikasema. "Swali jingine?" Tukafanya sehemu.

Nilipotangaza kwamba Jumapili ya kwaya nitaongoza nikiwa nimevaa kilti, mwenyekiti alipeleka suala kwa wazee wa kanisa. Hakuniambia mimi. Niliitwa Jumatano alasiri, ofisini kwa mchungaji, na mwenyekiti alikuwa ameshakaa, anaangalia dirishani.

"Kwaya yetu haiwezi kuongozwa na mtu aliyevaa sketi," alisema. "Wageni watasema nini?"

Nilikuwa nimekwenda nimeivaa. Mzee mmoja wa kanisa, wa rika la baba yangu, alikuwa amejifunika shuka juu ya suruali kwa ajili ya baridi. Nikamgeukia yeye. "Mzee, shikamoo. Naomba radhi. Lako lina drafti, langu lina drafti. Lako linashikwa kwa mkono, langu kwa kikanda. Mimi mikono yangu inatakiwa na nyimbo." Mzee alicheka mpaka akafuta macho, akasema hata yeye angependa kikanda kama kile. Mchungaji akauliza kama nina namna ya kuivaa kwa heshima ya madhabahu, kama suti. Nikasema ninayo.

"Na vile vyuma?" mwenyekiti akasema. Bado hakunitazama. "Avifunike, walau."

"Pini zinatakiwa zipate hewa. Daktari kasema."

"Basi asiongoze."

Wazee waliamua hivi: nikifika Jumapili nimevaa kikamilifu, kwa heshima, nitaongoza. Nikifika nimevaa ovyo ovyo, au nisipofika, ataongoza msaidizi. Mwenyekiti aliondoka wa kwanza. Nilimfuata kwa magongo mpaka mlangoni nikimwita, naye akawasha pikipiki. Ilikuwa ileile. Nilisimama pale nimekasirika, nikaapa kwamba nitavaa mpaka wageni wenyewe waone aibu ya mavazi yao.

Fundi wangu wa suti yuko Kijenge. Ni mzee wa watu aliyekuja zamani kutoka Tanga, mtaratibu, haongei bila futi shingoni. Ndiye aliyenishonea koti jeusi la harusi yangu. Nilimpelekea koti hilo pamoja na kilti, siku ya Alhamisi.

"Shikamoo mzee. Nataka ulikate."

"Marahaba. Nikate nini?"

"Koti. Liishie hapa." Nikamwonyesha chini kidogo ya kiuno.

Alilishika koti kama mtu anayeambiwa achinje ng'ombe wa maziwa. Nikamweleza nilichojifunza kwa yule mzee wa ndevu, kwamba koti refu linafunika marinda na kumkata mtu mapande mawili, na kwamba juu ya kilti koti linatakiwa liwe fupi, likae karibu na mwili, vifungo vimetulia. Alisikiliza, akaniweka mbele ya kioo, akalikunja koti kwa pini, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akasema, "Mwalimu, umesema kweli," na akachukua mkasi.

Kilti yenyewe nilimwachia kwa ajili ya kusogeza vikanda, maana nilikuwa nimekonda. Nikamwomba pia aipige pasi kwa kitambaa kibichi, marinda yashikizwe kwanza kwa uzi ili yasipotee. Hayo yote aliyajua kabla sijamaliza kusema. Mkoba mdogo wa kuning'inia mbele niliutengeneza mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, kwa sababu kilti haina mfuko na mimi natembea na kitambaa cha jasho na uma wa kupimia sauti. Soksi moja ndefu, nyeupe, mke wangu aliifuma. Kiatu nilikisugua hadi nikajiona.

Jumamosi mke wangu alipitia Kijenge kuchukua nguo. Fundi alikuwa amezifunga kwenye magazeti, kamba juu, kwa ustadi wake, na akamwambia, "Mwambie mwalimu nimemzidishia kitu kwa ajili ya heshima yake kanisani. Hicho sidai." Tulidhani ni kifungo, au bitana mpya. Hatukufungua, marinda yasije yakajikunja.

Jumapili mke wangu alitangulia mapema, yeye ni alto na walikuwa na mazoezi ya mwisho. Jirani wa njia panda angenifuata na gari lake saa tatu. Nilioga, nikasafisha pini moja moja kwa maji ya chumvi, nikavaa shati, tai, soksi, kiatu. Koti lilikaa mwilini mpaka nikatabasamu peke yangu. Saa mbili na robo nikafungua gazeti la pili.

Fundi alikuwa ameshona upande ulio wazi. Kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo, mshono wa mashine mara mbili, uzi wa rangi ileile, hatua ndogo ndogo kabisa, mshono mzuri ambao ungefaulu hata mtihani. Aliona mpasuo kuanzia juu mpaka chini kwenye vazi ambalo mtu mzima atasimama nalo mbele ya watu, akauziba. Fundi aliyewashonea watu nguo za stara maisha yake yote, angewezaje kuuacha? Hakunidhuru kwa makusudi. Alinipa sketi kamili.

Nilikaa kitandani nikajaribu. Nilipitisha mguu mgonjwa taratibu, sufu ikanasa kwenye pini ya tatu, na maumivu yake sitayaeleza. Nikaitoa. Nikaipitishia kichwani, ikakwama mabegani, nikabaki humo gizani nanusa sufu na pasi. Nikaitoa tena. Nikachukua wembe, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka vibaya, nikajua nikikata uzi mmoja nitakata na kitambaa. Simu ya mke wangu ilikuwa imezimwa, wako ndani ya kanisa. Nilikaa na vazi magotini, nimevaa tai na koti na bukta. Kwa mara ya kwanza tangu nivunjike mguu, nililia.

Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa mwenyekiti. Aliingia mpaka sebuleni, nikamsikia anasema kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza haraka, "Mwalimu, nimetumwa faili la nyimbo. Msaidizi analihitaji, endapo hutafika."

"Niko huku chumbani. Njoo."

"Nitasubiri hapa."

"Njoo huku, bwana, siwezi kutoka."

Alikuja akasimama mlangoni, kama siku ile wodini. Aliangalia ukuta. Kisha akaniona uso, akaangalia wembe, akaangalia vazi. Nikamweleza kwa maneno machache alichofanya fundi. Nilitegemea achukue faili aondoke. Angekuwa ameshinda bila kunyanyua kidole, na hakuna mtu angemlaumu. Faili lilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wake.

Alikaa kwenye kiti cha mke wangu. Akachukua vazi, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatoa kisu chake kidogo cha kukatia vichipukizi vya kahawa. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Alikuwa anakata uzi mmoja, anaruka mitatu, anakata mwingine, anavuta, na mshono unaachia bila kitambaa kujua. Ilichukua muda, na alipofika kwenye pindo alipuliza nyuzi kwa mdomo, akanipa.

"Siwezi kuizungusha mwenyewe na hili koti," nikamwambia. "Inanibidi nishike kabati."

Hiyo haikuwa kweli kabisa. Nimeshasema mimi ni mbishi.

Nilisimama nikashika kabati. Ilimbidi apige magoti, kwa sababu kipande cha ndani kinatakiwa kupita nyuma ya mguu bila kugusa vyuma. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, na hapo hakuwa na ukuta wa kuangalia. Pini zilikuwa sita mbele ya macho yake, na ngozi nyekundu kuzunguka kila moja. Mikono yake iliyokuwa mitulivu na kisu ikasimama.

"Vinauma?" akauliza.

"Vikiguswa."

"Siku zote?"

"Siku za baridi zaidi."

Alikaa hivyo, vazi limemlalia mikononi. Halafu akasema, akiuambia ule mguu, "Mimi sina shida na sketi. Ile ilikuwa ni maneno tu. Sikutaka kusimama kwenye besi mwaka mzima navitazama. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko."

Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa ajili ya mtu huyu, ya miezi mingi, ina vipengele. Ilinipotea yote. Nilimpenda, na nilikuwa nimemkasirikia, na saa ilikuwa inakimbia.

"Basi vitazame," nikamwambia. "Vitazame vizuri, vyote sita. Halafu funga vikanda, tumechelewa."

Alivitazama. Kisha akapitisha kipande cha ndani, akazungusha marinda nyuma, akaleta kipande cha juu mbele, akafunga kikanda cha kushoto, vya kulia viwili. Alitia pini kubwa kwenye kona, nikamwambia kitambaa cha juu peke yake, akairudia. Alining'iniza mkoba wangu wa ngozi ya mbuzi mahali pake. Aliporudi nyuma kuniangalia alikuwa na macho mekundu, akasema koti limekatwa vizuri.

Jirani alitupeleka wote wawili. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, kwaya nane na mavazi yao. Nilipita katikati kwa magongo, nikasikia minong'ono ikinifuata pande zote, nikasikia mtoto akiuliza na mama yake akimnyamazisha. Yule mzee wa shuka aliinua kidole gumba. Nilifika mbele, nikampa mke wangu magongo, nikatoa uma, nikaupiga, nikawapa sauti.

Kuna jambo ambalo yule mzee wa ndevu hakulisema kwenye video, na mimi nililijua hapo hapo. Mwongozaji wa kwaya anawapa watu mgongo. Katika miaka kumi na tisa waumini hawajawahi kuuona uso wangu nikifanya kazi. Wameona mgongo wa koti na suruali iliyochoka. Siku ile nilipoinua mikono na mwili ukafuata, niliyasikia marinda yakifunguka nyuma yangu na kujifunga, mazito, kwa pamoja, na nikasikia kanisa zima limenyamaza. Mbele yangu kwaya iliona mwanaume amesimama wima. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katikati ya wimbo wa pili mguu ulianza kuwaka moto, nikahamishia uzito kushoto, nikaendelea. Mwenyekiti alikuwa safu ya nyuma kwenye besi. Hakuangalia karatasi. Aliangalia mikono yangu, na kila baada ya mistari michache alishusha macho kwenye vyuma, akayainua tena, akaimba.

Tulimaliza. Sikuweza kupiga hatua hata moja. Mke wangu alikuwa ameshayashika magongo lakini msongamano wa alto ulimzuia. Kiti nilichowekewa kilikuwa nyuma yangu, hatua mbili tu, na nikaona sitafika.

Mwenyekiti aliteremka kutoka kwenye besi kabla wageni hawajamaliza kupiga makofi. Alipita mbele ya kwaya yote, akanishika kwapani, akanirudisha taratibu mpaka kiti kikagusa mguu wangu wa kushoto. Nikataka kujitupa. Akanizuia. Mbele ya kanisa lote, mwanaume yule alipitisha kiganja nyuma yangu, akayalaza marinda yote mpaka yakatulia.

"Kaa sasa," akasema.

Nikakaa.